Ziara ya tuta la Greenville: izimwe ile sauti ya kwenye spika, asikilizwe yule mama

Mjomba alipokuja kunitembelea Memphis mwezi Mei, kila asubuhi alikuwa anateremka hadi ukingoni na kuukazia macho mto Mississippi kama mtu anayeudai. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msoma vipimo vya maji. Mti wenye namba umesimikwa mtoni, yeye anasoma, anaandika kwenye daftari, kesho anarudi. Mtu wa namna hiyo kumzungusha kwenye maduka makubwa ni kumwonea. Nilipoona tangazo la ziara ya siku moja juu ya mafuriko makubwa ya mwaka 1927, kutoka Memphis hadi Greenville, jimbo la Mississippi, na kurudi, nikalipia nafasi mbili papo hapo. Dola 140 kwa kichwa, chakula cha mchana kimo, bakshishi haimo.

Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nina malalamiko na wenyewe ni watu wadogo wenye magari mawili tu. Nawapa nyota nne kati ya tano.

Nianze na malalamiko ili yaishe. Tuliambiwa tuwe kituoni saa moja asubuhi, gari likafika saa mbili kasoro dakika tano, na hakuna aliyeomba radhi. Kiyoyozi kilifanya kazi hadi Clarksdale kisha kikaanza kupuliza hewa ya moto. Dereva akasema tufungue madirisha, na madirisha ya basi lile hayafunguki zaidi ya upana wa kiganja. Greenville kwenyewe tulipewa dakika arobaini juu ya tuta, halafu saa nzima kwenye duka la kununua fulana na vikombe. Mwenye akili angebadilishana.

Ila hayo yote ningeyasamehe. Nyota niliyoizuia ni kwa ajili ya ile sauti.

Ndani ya gari kuna masimulizi yaliyorekodiwa. Ni sauti ya mwanamume, nzito na ya kupendeza, inayosikika gari likiwa mwendoni. Mama anayetutembeza anaruhusiwa kusema tukishuka tu. Mjomba Kiingereza anakijua, lakini ni cha vitabu na ripoti, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumtafsiria sikioni. Tatizo likaanzia hapo.

Sauti ikasema kwamba mvua zilianza kunyesha kwa wingi tangu Agosti 1926, mito ikajaa kuanzia kaskazini, na Aprili 1927 matuta, yaani kuta za udongo zilizojengwa kandokando ya mto kuzuia maji, yakaelemewa. Nikatafsiri, mjomba akatikisa kichwa kukubali. Sauti ikaendelea kwamba wakazi wa Greenville walihamishiwa kwenye tuta. Nikatafsiri.

"Walihamishiwa na nani?" mjomba akauliza.

Nikamwambia asubiri, labda inakuja. Haikuja. Kambi zilifunguliwa. Na nani? Chakula kiligawiwa. Na nani, kwa utaratibu gani? Nguvukazi ilihitajika. Ilihitajiwa na nani? Tuta la Caernarvon, chini ya New Orleans kwa kufuata mkondo wa mto, lililipuliwa kwa baruti ili kuuokoa mji. Hapo mjomba alinigeukia mwili mzima.

"Mwanangu, tuta halijilipui."

Nimeishi huku miaka kumi na moja na nimesikiliza redio nyingi, lakini sikuwahi kulisikia jambo hili mpaka nilipolazimika kulitia kwenye Kiswahili, mtu mzima akiwa ananidai mtendaji wa kila kitenzi. Maelezo yote ya ile sauti yalikuwa ya kutendwa. Mto ndio pekee uliotenda: mto ulivunja, mto ulifunika, mto uliua. Binadamu wote mle ndani waliwekwa, walipelekwa, waliathiriwa. Unaweza kuusikiliza mkanda mzima usijue kama kulikuwa na mtu mmoja aliyekaa kitini akaamua jambo.

Clarksdale tuliposimama kujaza mafuta, nilimfuata yule mama. Ni mwalimu mstaafu wa historia, mweusi, mzaliwa wa Washington County ambako Greenville ndiyo makao makuu, umri wake na wa mjomba havipishani sana. Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamweleza swali la mjomba lilivyo: kwamba kwa lugha yetu sentensi zile zina tundu, na mzee wangu anataka kujua tundu lile limezibwa na nani. Alicheka mpaka akashika mlango wa gari. Halafu akaenda kwa dereva, wakasemezana kidogo, na mkanda haukusikika tena siku ile. Kuanzia pale nilipata thamani ya dola zangu 280.

Kwa asiyeijua nchi ile, eneo linaloitwa Delta huku si pale mto unapoingia baharini. Ni bonde tambarare kati ya Memphis na Vicksburg, limebanwa kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, udongo mweusi wa kina kirefu ulioletwa na mafuriko ya maelfu ya miaka. Pamba ilitajirisha watu pale. Mwaka 1927 wakazi wengi walikuwa weusi, wengi wao wakilima mashamba ya wazungu kwa kugawana mavuno: mbegu na chakula unakopa kwa mwenye shamba, pamba ikiuzwa anakata deni lake, na hesabu anaiandika yeye. Mwaka hadi mwaka deni halikuisha. Mama alitueleza hayo tukiwa barabara ya 61, mashamba yamelala pande zote mbili kama meza, akasema tuyashike vizuri kwa sababu tukifika kwenye tuta ndiyo yatakayotueleza kila kitu.

Kutoka Cleveland tulikata magharibi hadi Rosedale, tukashika Highway 1 kuelekea kusini. Upande wa kulia tuta linakufuata njia nzima, kilima kirefu cha majani, ng'ombe wanalisha juu yake. Karibu na Scott tulishuka. Hapo jirani ndipo Mounds Landing, mahali tuta lilipopasuka asubuhi ya tarehe 21 Aprili 1927. Kuna mashamba, miti, nyuki na joto, na ukishushwa peke yako hutajua umesimama wapi. Bila mama yule ningepiga picha mbili nikarudi garini.

Alitupanga tusimame mstari. Akasema usiku wa kuamkia siku ile maelfu ya wanaume weusi walikuwa pale juu, wamekusanywa kutoka mashambani, wengine kutoka magerezani, wanabeba magunia ya mchanga huku maji yakipita juu ya magunia waliyoyapanga saa moja iliyopita. Mjomba akauliza, nami nikamfikishia: walikusanywa na nani? Mama akajibu bila kupepesa: na wenye mashamba, na polisi, na askari wa akiba wa jimbo waliokuwa na bunduki. Mtu aliyeona tuta linatetemeka chini ya nyayo zake hakuwa na ruhusa ya kuondoka. Lilipoachia, waliokuwa juu yake walikwenda nalo. Wangapi? Idadi yao haijapata kujulikana, kwa sababu aliyekuwa na daftari aliandika magunia, majina hakuyaandika.

Mpasuko wenyewe ulifikia kama robo tatu ya maili kwa upana, na maji yakachimba shimo la kina cha futi mia moja hivi. Mjomba aliniomba nirudie hiyo namba. Akakaa kimya, kisha akaanza kupiga hesabu za mtiririko kwa vidole, akakata tamaa. Maji yalitapakaa eneo la maili 50 kwa 100, mahali pengine kina cha futi 20. Kwa jumla ya majimbo yote, maili za mraba zipatazo 27,000 zilifunikwa na watu zaidi ya laki sita walipoteza makazi.

Hapo mjomba akataka kuzungumza ufundi, na nilimpenda yule mama kwa kutomkatiza. Swali lake lilikuwa kwa nini mto mkubwa namna ile waliubana kwa matuta matupu bila kuuachia mahali pa kupumulia. Mama akamjibu kwamba ndivyo ilivyokuwa sera ya wahandisi wa jeshi kwa miongo kadhaa: matuta peke yake, kwa imani kwamba mto ukibanwa utajichimbia kina wenyewe. Njia za pembeni za kupunguzia maji ziliwekwa baada ya maafa, kwa sheria ya Mei 1928. Mjomba akanong'ona kwa Kiswahili kwamba hata kijana wake wa kwanza kazini angewaambia. Hilo sikulitafsiri.

Chakula cha mchana kilikuwa Greenville. Nitakuwa mwepesi hapa: tamale za pale, yaani unga wa mahindi uliojazwa nyama na kufungwa kwenye maganda ya mahindi, zile ndogo zilizochemshwa kwenye maji yenye viungo mpaka mchuzi unavuja, ni nzuri kuliko chochote nilichokula Memphis mwaka huu. Kambare wa kukaanga alikuwa wa kawaida. Chai ya baridi ina sukari ya kumaliza meno. Mhudumu alimwita mjomba "bwana" mara kumi na mbili na mjomba alizihesabu.

Halafu tuta.

Unapanda kutoka mtaa wa katikati ya mji, hatua chache tu, na unaona maji ng'ambo. Leo yale maji ni ziwa, Lake Ferguson, kwa sababu mto wenyewe ulikatwa na wahandisi miaka ya 1930 ukapita mbali kidogo. Na tuta la sasa ni nene na refu kuliko lile la 1927. Mama alituambia hilo mwanzoni kabisa tusije tukadhani tumesimama kwenye udongo uleule. Waongozaji wengi niliowahi kuwalipa wangenyamaza, wakuache upate msisimko wa bure.

Akatuambia tufikirie ukanda mwembamba wa udongo, maji ya mto upande mmoja, maji ya mafuriko upande mwingine, na kati yake mahema yameshikana maili kwa maili. Watu weusi wapatao 13,000, pamoja na ng'ombe na nyumbu walionusurika. Wazungu waliobaki mjini walikuwa ghorofani, kwenye hoteli na majengo makubwa. Bibi yake mzaa mama alikuwa kwenye lile tuta, msichana wa miaka tisa. Alichowasimulia wajukuu ni kitu kimoja tu, kwamba hakukuwa na mahali pakavu pa kukalia na mama yake alisimama usiku kucha akimshikilia mgongoni. Mama alisema hivyo kwa sauti ileile aliyotumia kutuambia choo kiko wapi.

Kisha zikaja meli.

Nielezee hapa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo mjomba alipopata jibu la swali lake la asubuhi. Aliyesimamia misaada ya wilaya ile alikuwa William Alexander Percy, mshairi, mwanasheria, mtoto wa familia kubwa kuliko zote mjini. Aliona kambi haikaliki. Akaamua watu wote, weusi kwa weupe, wapelekwe Vicksburg kwa meli za mvuke, na meli zikaletwa. Zilifika, zikafunga gati, moshi unatoka. Baba yake, LeRoy Percy, aliyewahi kuwa seneta kuanzia 1910 hadi 1913 na mwenye mashamba makubwa ya pamba, hakutaka. Weusi wakipanda meli, hawatarudi, na nani atapanda pamba? Akamshauri mwanawe aiulize tena kamati yake kabla ya kutekeleza. Kumbe kabla ya kikao alikuwa amekwisha zungumza na wajumbe mmoja mmoja. Kamati nzima ikageuka. Mwana alikuja kujua kazi ya baba yake baada ya baba kufa. Meli zilizokuwa na nafasi ya kubeba umati ule ziliondoka na wanawake na watoto wa kizungu 33.

Mama alipofika hapo alinyamaza akanitazama mimi. Nikamtazama mjomba.

"Mwambie nimemsikia," mjomba akasema. "Walizuiwa na baba mtu."

Wenzetu watalii hawakuelewa tunacheka nini, na si kwamba kulikuwa na cha kuchekesha.

Kilichonifanya nimheshimu zaidi mama huyu ni kwamba hakumchora LeRoy Percy kama jini. Alituonyesha kwa kidole upande wa jengo la mahakama, akasema mwaka 1922 Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, walikuja pale kutafuta wanachama, na aliyesimama mbele ya watu akawapinga kwa hotuba hadi wakashindwa kuushika mji alikuwa huyohuyo LeRoy Percy. Mtu mmoja, miaka mitano katikati. Mzungu mmoja kwenye kundi letu, mzee kutoka Ohio, akasema basi alibadilika. Mama akamwambia hapana, hakubadilika hata kidogo: Klan walikuwa wanawafukuza wafanyakazi wake, na meli zilikuwa zinawachukua wafanyakazi wake. Mzee wa Ohio aliandika hiyo kwenye simu yake.

Baada ya meli kuondoka, kambi ikawa kitu kingine. Askari walilinda tuta, na mtu mweusi hakutoka wala kuingia bila kibali. Walivalishwa lebo zenye majina yao na mwenye shamba wanaotoka kwake, na bila lebo hupati chakula. Shehena za Msalaba Mwekundu zilipofika, wanaume weusi walilazimishwa kuzipakua, na asiyefanya kazi, yeye na familia yake hawali. Mwezi Julai, maji yakiwa bado hayajakauka, mtu mmoja aliyetoka kufanya kazi usiku kucha alikataa kurudishwa kazini mchana. Polisi akampiga risasi nyumbani kwake, akafa. Mjini joto likapanda. Percy mdogo akaenda kanisani kuzungumza na watu weusi, na badala ya kuwapa pole akawatupia lawama wao. Mwishoni mwa Agosti alijiuzulu akasafiri kwenda Japani.

Kuhusu mkubwa wa misaada yote, Herbert Hoover, mama alitumia dakika tano hivi, na nadhani zilitosha. Rais Calvin Coolidge hakukanyaga eneo la maafa ingawa aliombwa na kuombwa tena, wala serikali yake haikutoa fedha za moja kwa moja kwa waathirika, mwaka ambao hazina ilikuwa na ziada. Alimtuma Hoover, Waziri wake wa Biashara. Hoover alikuwa mtendaji kwelikweli. Treni, boti, mahema, kambi 154, michango ya hiari kwa Msalaba Mwekundu, magazeti yakimfuata kila kituo. Ila habari za lebo na bunduki zikaanza kuvuja. Gazeti la watu weusi la Chicago Defender lilizichapa, mwandishi mweusi Ida B. Wells akaandika humo akiwashtua wasomaji, na Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, akaja mwenyewe kuchunguza. White alikuwa mtu mweusi mwenye ngozi nyeupe na macho ya bluu, aliweza kukaa na wazungu wakamweleza yote. Hilo lilimfurahisha mjomba kupita kiasi.

Hoover, ambaye alikuwa anautazama urais wa 1928, akaunda tume ya ushauri ya watu weusi na kumpa uongozi Robert Moton, mkuu wa Tuskegee, chuo cha watu weusi. Tume ikayaona yaliyokuwapo. Moton akakubali mengi yasipigiwe kelele hadharani, kwa sababu alidokezewa mpango mzuri: mashamba makubwa yaliyoharibika yangekatwa vipande na wakulima weusi wangewezeshwa kuvinunua. Hoover akashinda urais. Mashamba hayakukatwa. Mwaka 1932 Hoover alipogombea tena, Moton hakuwa naye.

"Ahadi ilitolewa," mama akasema kwa sauti nzito, akiiga ile ya kwenye spika, na safari hii gari zima likacheka.

Kwa habari ya Caernarvon, ambayo ziara haifiki, nilimuuliza mwenyewe tukirudi garini, maana mjomba alikuwa ameishikilia tangu asubuhi. Alisema baruti ilitegwa tarehe 29 Aprili kwa shinikizo la wenye mabenki wa New Orleans, gavana wa Louisiana akaridhia. Watu wapatao 10,000 wa St. Bernard na Plaquemines, wilaya za jirani na New Orleans, wengi wao wazungu maskini wawindaji wa ngozi na wavuvi, walihamishwa makwao. Waliahidiwa fidia, wengi wakaambulia chochote kidogo au patupu. Na siku moja baadaye tuta la juu zaidi, upande mto unakotoka, likapasuka lenyewe, mji ungepona bila kulipua. Kwa hiyo, alisema, usiondoke hapa ukidhani rangi ndiyo kipimo pekee kilichotumika mwaka ule. Ilitumika palipo na pamba, na pasipo pamba kikatumika kingine. Nimelifikiria hilo tangu siku ile na bado sijaamua kama nakubaliana naye. Wazungu wa St. Bernard walifukuzwa, ila hakuna aliyewavalisha lebo akawazuia wasiondoke.

Saa nzima ya duka la fulana sitaieleza. Mjomba alinunua ramani ya mto, dola 18, ndiyo kitu pekee cha maana mle ndani.

Tulirudi Memphis saa mbili usiku, tumelowa jasho. Njia tuliyopita ndiyo iliyowapeleka kaskazini maelfu ya watu wa Delta baada ya maji kukauka. Lebo ikishavuliwa, mtu anapanda treni ya Memphis, kisha ya Chicago, na mwenye shamba anabaki na daftari la madeni. Bibi yake mama yule alibaki. Dada zake wawili walikwenda. Alitueleza hivyo akiwa anakusanya chupa tupu za maji chini ya viti, kazi ambayo nadhani si yake.

Sasa kwa anayetaka kwenda. Ukipiga simu, uliza siku ambayo yuko mwalimu mstaafu. Kampuni ina mtembezaji mwingine kijana, mcheshi, lakini nimeambiwa yeye huuacha mkanda ucheze. Usiogope kuomba uzimwe, dereva hana shida. Nimewaandikia kampuni kuhusu hilo na kuhusu dakika arobaini, wamenijibu kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa. Mjomba nilipomsomea alitaka kujua yamepokelewa na nani.

Chukua kofia, tuta halina mti. Maji ya kunywa wanatoa chupa moja tu, beba yako. Watoto chini ya miaka kumi watachoka na safari, ni karibu saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi. Mwenye shida ya magoti apande tuta kwa njia ya mteremko iliyo karibu na maegesho, ngazi ni kali. Na mkiwa mnateremka kusini baada ya Rosedale, keti viti vya upande wa kulia. Upande wa kushoto utaona pamba tu.